Nukta

Barua ilikuwa na mistari mitatu na muhuri uliopinda:
kuanzia Jumatatu, chumba cha watoto njiti.
Miaka ishirini na moja nimeosha vidonda hapa Urambo,
miguu iliyokanyagwa na matela ya tumbaku,
migongo ya warina asali walioanguka na mzinga,
na mkono wangu ulijua kazi kabla yangu.
Jumatatu hiyo mkono ukanitazama kama mgeni.

Nyamizi ana miaka ishirini na mitano.
Asubuhi ananiamkia, shikamoo, na goti kidogo,
nami naitikia marahaba kama mtu mzima;
saa mbili na robo ananisahihisha.
"Samahani, mama. Mpira huu hauingii hivyo."
Samahani yake inauma kuliko kemeo.
Nilizoea kusimamishwa mlangoni na waulizaji,
sasa nauliza mimi, na sauti inanitoka nyembamba,
ya mwanafunzi aliyechelewa namba.

Mashine ya kupumulia ina chupa ya maji.
Yakitoa mapovu, hewa inafika.
Yakinyamaza, usikimbilie kuita daktari:
angalia mpira puani, angalia kofia,
angalia kama mdomo uko wazi.
Nimeyaandika haya katika daftari la mwanangu,
nyuma ya hesabu zake za darasa la sita,
na umeme ukikatika nayasoma kwa tochi ya simu
huku mume wangu akigeukia ukutani:
"Kalunde, mtihani lini?"
Kila saa tatu, baba. Usiku na mchana.

Jumatano ya wiki ya pili.
Mtoto wa Kashindye, hana jina bado,
kilo moja na gramu mia mbili,
ngozi kama karatasi ya kusokotea sigara.
Gentamisini. Nilipiga hesabu mara mbili,
nikavuta dawa: moja nukta tano.
Nyamizi hakupiga kelele.
Aliweka kidole kwenye bomba la sindano
akasema polepole, kama anayemwamsha mtu:
"Sifuri, mama. Sifuri nukta moja tano."

Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.
Nilikuwa nimeihamisha kama kete ya bao,
nyumba moja tu.

Nikamwona mama kitaluni, mwezi wa tisa,
akinionyesha mbegu ya tumbaku kiganjani:
ndogo hivi, ukipumua imekwenda.
Aliichanganya na majivu
ili jicho lijue inapoangukia.
"Ukimwaga kwa pupa, miche inabanana, inakufa."
Kisha alilifunika tuta kwa nyasi,
akalimwagilia kwa kopo lenye matundu,
asubuhi na jioni,
wala hakuruhusu mtu kuchungulia-chungulia.
Nami nilidhani nimekwenda kusoma
ili niachane na shamba.

Siku hizi naandika nukta kwa wino mwekundu,
kubwa, mbaya, kama inzi aliyetua kwenye karatasi.
Nyamizi alicheka.
Ijumaa nikaona kalamu nyekundu mfukoni mwake.

Bado sijui. Bado mshipa wa kichwani unanikimbia,
bado naita "Nyamizi!" kabla sijajaribu.
Jana mtoto wa Kashindye alifika kilo moja na mia nne,
akapiga chafya, tukashangilia kama mpira umeingia golini.
Wa kitanda cha pili hakufika popote.
Mama yake aliikunja khanga mara nne,
kwa uangalifu, ukingo juu ya ukingo,
kama atakayeihitaji tena.
Hapo hakuna aliyenisahihisha.
Nilimshika kiwiko, tukatembea hadi getini,
nikambebea beseni na chupa ya chai,
nikangoja hadi bodaboda ilipopotea nyuma ya maghala.

Kisha nikanawa mikono hadi kwenye viwiko,
nikarudi kusikiliza maji.